LAND ROVER YA BABA SI CHUMA CHAKAVU, WALA SI HISA

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za ndizi, viazi, maziwa, parachichi na majani mabichi ya chai. Wiki hii tunawaomba radhi wafanyabiashara wa mazao. Tunazungumzia bidhaa ambayo haiuzwi kwa mkungu wala kwa debe. Wapo wanaotaka kuinunua kwa kilo, na hao ndio waliotufanya tushike kalamu.

Bidhaa yenyewe ni gari la zamani la Kiingereza. Hapa Rungwe, kwa wengi wetu, maana yake ni Land Rover: ile yenye taa zilizokaribiana usoni, iliyoegeshwa nyuma ya nyumba tangu mwenyewe alipofariki, migomba imeizunguka na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Pengine ni Bedford iliyobaki kichwa, au Morris ya mwalimu mstaafu iliyofunikwa turubai. Yote hayo yamo katika hesabu yetu ya leo, lakini Land Rover ndiyo nyingi, na ndiyo inayoulizwa bei.

Mwezi Oktoba 2024 magari ya Land Rover yaliyozidi 1,000 yalikusanyika Arusha katika tamasha moja. Picha zilienea nchi nzima. Mtu aliyeziona picha hizo kisha akatazama uani kwake hana budi kujiuliza: je, ile mali ya marehemu ni utajiri? Na mwenye akiba kidogo anajiuliza kwa upande wake: je, ninunue moja, niitengeneze, nisubiri bei ipande?

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema ili msomaji mwenye haraka asipotee. Anayelinunua gari hili kama anavyonunua hisa atapata hasara. Anayeliuza kwa mizani ya vyuma chakavu atapata hasara kubwa zaidi. Faida yake ipo kwa anayelitengeneza polepole, akaliendesha, na kuziandika gharama zake katika fungu la starehe.

BIDHAA YENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kibali. Kiwanda cha Rover kikatumia aluminiamu kwa bodi, na chuma kikawekwa pale tu ambapo hapakuwa na njia nyingine, hasa kwenye chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaolipa uani kwako leo: bodi haijaoza ingawa imenyeshewa miaka thelathini. Chesisi ni habari nyingine, tutaifikia.

Zilifuata aina tatu zinazojulikana kwa namba za Kirumi. Ya kwanza ilitengenezwa hadi 1958, ya pili na nyongeza yake hadi 1971, na ya tatu hadi 1985. Hapa kwetu watu hawazitaji kwa namba hizo. Husema "wan-o-naini" kwa ile ndefu, kwa kuwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, na fupi yake ni ya inchi 88. Injini ya petroli iliyozoeleka ina ujazo wa sentimita 2,286. Hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita ikiwa nzima, na huo ni ukweli ambao mnunuzi asifichwe.

Kwa nini gari hili lilishika mizizi milimani kwetu? Jibu liko mawinguni. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wetu ni wa volkano, mwekundu na mweusi, unaotoa ndizi na chai nzuri na kuzamisha magari mazuri. Gari linalovuta magurudumu manne, lenye sehemu ambazo fundi anaweza kuzifungua chini ya mwembe, lilikuwa na kazi ya kufanya hapa.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na milango ya biashara ikaanza kufunguka. Yakaja magari ya Kijapani, mapya na yaliyokwisha kutumika, yasiyo na makelele na yanayokula mafuta kidogo. Mfanyabiashara wa ndizi alifanya hesabu, akahama. Hatumlaumu. Gari la kazi huhukumiwa kwa kazi, na kwa hesabu hiyo Mwingereza alishindwa sokoni. Uzalishaji wa ukoo ule wa Land Rover ulikoma kabisa tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni 2. Kiwanda chenyewe kilikwisha kununuliwa na kampuni ya Kihindi ya Tata mwaka 2008.

HESABU YA MWENYE AKIBA

Sasa tumchukue mnunuzi anayetaka faida. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, tumeziweka ili kuonyesha njia ya kukokotoa. Kila mmoja aweke za kwake.

Ananunua gari bovu kwa Sh. 7,000,000. Kuchomelea chesisi, Sh. 1,500,000. Kufungua injini na kuifunga upya, Sh. 2,500,000. Breki zote, Sh. 900,000. Tairi tano, Sh. 1,800,000. Nyaya za umeme, betri na stata, Sh. 500,000. Viti, mbao na rangi, Sh. 1,300,000. Jumla ni Sh. 15,500,000.

Fedha hiyo hiyo angeiweka mahali pa usalama, tuseme kwenye hatifungani za Serikali au mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa faida ya mfano ya asilimia 10. Ingemletea Sh. 1,550,000 kila mwaka. Kwa miaka mitano ni Sh. 7,750,000 bila kuhesabu faida juu ya faida, akiwa amelala. Gari kwa muda huo halilali bure. Linahitaji bima, oili, betri mpya na fundi. Tuliwekee Sh. 1,200,000 kwa mwaka, nayo kwa miaka mitano ni Sh. 6,000,000.

Kwa hiyo mwisho wa mwaka wa tano, ili mtu huyu asipate hasara hata senti, anatakiwa auze kwa Sh. 29,250,000. Ndugu msomaji, simama katikati ya soko la Tandale hapa Tukuyu utangaze bei hiyo. Utapata watazamaji, na wengine watapiga picha, lakini mnunuzi hutampata.

Madalali watakuambia kuhusu bei za Ulaya. Ni kweli kwamba huko magari haya yana wapenzi wenye fedha. Uingereza gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara ya kila mwaka. Marekani gari lililopita miaka 25 linaweza kuingizwa bila kufuata masharti ya usalama ya magari mapya. Kiwanda chenyewe kilitangaza mwaka 2016 kwamba kinachukua Land Rover za aina ya kwanza, kinazirudisha katika hali ya upya na kuziuza. Lakini bei ya London iko London. Kati yake na Tukuyu kuna lori la kubeba gari hadi Dar es Salaam, kilomita zinazokaribia 900, kuna bandari, meli, mawakala na nyaraka, na mnunuzi wa huko anataka gari lenye injini yake ya asili na karatasi zisizo na doa. Mkulima anayepandisha bei ya parachichi shambani kwa kusikia zinavyouzwa kwenye duka la Ulaya tunajua mwisho wake: parachichi huivia mikononi mwake.

Aidha, wapo wanaosema kwamba magari haya yatakuwa adimu, kwa hiyo yatapanda bei. Sehemu ya kwanza ni kweli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, na hapa Tanzania gari kuukuu linaloingia hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Yaliyopo nchini hayapati wenzao wapya. Lakini uadimu peke yake haufanyi bei. Bei hufanywa na wanunuzi wawili wanaogombea kitu kimoja, na hapa kwetu bado hatujafika wawili.

TULICHOUZA MWAKA 1996

Baada ya kusema hayo, mwandishi wa safu hii ana deni la kukiri, maana ameshafanya kosa la upande wa pili.

Mwaka 1996, miezi michache baada ya kumzika baba, sisi ndugu wanne tulikaa kikao kuhusu wan-o-naini yake. Ilikuwa imesimama kwa kukosa betri. Kila mmoja alikuwa na shida zake mjini. Akaja mnunuzi wa vyuma. Hakufungua boneti. Aligonga mlango kwa vidole, akasikia mlio wa aluminiamu, akataja bei. Tulipandisha kidogo, naye akakubali upesi mno. Mfanyabiashara yeyote anajua maana ya mtu anayekubali upesi.

Fedha ile iligawanywa kwa wanne. Fungu langu lilitosha nauli ya kurudi Dar es Salaam na godoro.

Nilipopita tena nyumbani nilikutana barabarani na fundi mzee aliyekuwa akilitengeneza gari lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari la mzee mmelipeleka wapi?"

Nikamwambia tumeuza, na tuliyemuuzia.

Alinyamaza kidogo, akitazama chini. "Injini ile niliifungua mwaka ule ule kabla mzee hajaugua. Pistoni mpya, ringi mpya. Ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Mngeniuliza."

Tuliuza injini mpya kwa bei ya sufuria. Baadaye nikaiona ekseli ya nyuma imefungwa kwenye trela la kubebea ndizi, inafanya kazi yake vizuri tu. Ekseli ilikuwa bado na thamani, aliyeitoa kwenye gari alikuwa ameipata thamani hiyo, na sisi wenye mali tulikuwa hatukumbuki tena fedha ile ilinunua nini.

Somo la kibiashara ni jepesi: tuliuza bila kuthamini. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeuza gunia la kahawa bila kulipima, lakini gari la baba tulilipima kwa macho ya mnunuzi. Kila mwenye Land Rover uani amwite fundi anayelijua gari hilo kabla ya kumwita mnunuzi. Hata kama hatimaye ataliuza kama spea, giaboksi, ekseli, hedi na rimu kila kimoja kina bei yake, na jumla yake huwa mbali na bei ya mizani.

STAREHE HALALI

Kama si hisa wala si chuma chakavu, ni nini? Tunajibu bila aibu: ni starehe. Watu wa biashara hulikwepa neno hilo, lakini kila Jumamosi tunalipia starehe kwa majina mengine, na asubuhi ya Jumapili hakuna kilichobaki isipokuwa chupa tupu. Mwenye gari la zamani angalau Jumapili asubuhi analo gari.

Wenzetu wa Nairobi wameliona hili mapema. Tangu mwaka 1970 wanafanya mashindano ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa vizuri, na majaji huinama hadi chini ya gari kutazama kama matope yamefutwa. Na mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mbio za Safari, aliendesha Ford Escort ya Kiingereza. Hapa nchini, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yamehifadhi Austin aliyoitumia Mwalimu wakati wa kudai uhuru, pamoja na Rolls-Royce ya Ikulu. Lakini gari la makumbusho limesimama. Raha ya gari hili ni kutembea.

Na barabara tunayo. Toka Tukuyu asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai ya Katumba. Pita Kiwira, panda polepole hadi Isongole, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi inaingia kupitia sakafuni. Au geukia upande wa pili, teremka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni chini ya mita 500 na utavua koti. Safari hiyo ya nusu siku inakufundisha ufundi wa kabureta kuliko kitabu. Huko juu hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli ile ile, na injini inatoa moshi mweusi na kuchoka. Huko chini inapona yenyewe. Mwenye gari la kisasa hajui habari hizi, kompyuta inamfanyia.

Kushuka kunataka adabu. Breki zake ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na nyingi hazina busta ya kuusaidia mguu. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo atazipasha moto hadi zigome. Kanuni ya madereva wa zamani ilikuwa kushuka mlima kwa gia ile ile uliyoupandia. Ibaki hivyo. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unatosha, nao ndio mwendo ambao abiria wanaweza kusikilizana.

Wenye umri wanakumbuka kwamba katika miaka ya shida ya mafuta magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Leo hakuna anayekuzuia. Hata ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa inalimbikiza deni hata kwa gari lililosimama juu ya matofali, ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Maana yake ni kwamba sasa unalipa kadiri unavyotembea. Kwa mwenye gari la Jumapili hiyo ni nafuu kubwa, na ni ajabu kwamba wengi bado wanaogopa kufufua magari yao kwa hofu ya deni la zamani.

FUNDI NDIYE MTAJI

Sasa tunafika kwenye hatari yenyewe, ambayo haimo katika bei ya spea. Spea zipo. Gerezani Dar es Salaam zipo, Nairobi katika barabara ya Kirinyaga zipo, na viwanda vya nje bado vinazitengeneza kwa sababu wapenzi wa magari haya wako dunia nzima. Kinachokwisha ni mikono.

Chukua mfano wa spana. Mwingereza alipima kwa inchi. Gereji nyingi za leo zina spana za milimita peke yake. Nati ya robo tatu ya inchi inakubali spana ya 19 bila ugomvi. Lakini nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na kijana akiipiga spana ya 13 inazunguka nje, inakula pembe, mwisho nati inakuwa duara na inakatwa kwa msumeno. Ukiona Land Rover yenye nati za duara, ujue limepitia mikononi mwa watu wasio na vifaa. Punguza bei.

Kuna platini pia. Fundi mzee anafungua kifuniko cha distributa, anapima pengo la platini, anasafisha, gari linawaka. Kijana aliyejifunzia magari ya kompyuta hajawahi kuiona, anabadilisha koili, anabadilisha plagi, anabadilisha betri, na mteja analipia vitu vitatu vizima. Aidha, baadhi ya magari haya ya zamani yamefungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na ya leo. Asiyejua akifunga redio au altaneta kwa mazoea, anaunguza. Na injini nyingi za Kiingereza za wakati ule, hasa za magari madogo kama Morris na Austin, zilitegemea risasi iliyokuwemo kwenye petroli kulinda viti vya valvu. Kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli hiyo. Anayefungua hedi leo lazima aweke viti vya chuma kigumu. Fundi anayeyajua yote haya ana umri wa babu yako, na hana mwanafunzi.

Pendekezo letu ni la kibiashara. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe walifahamu zamani kwamba majani ya mtu mmoja hayajazi lori, wakaungana, wakawa na sauti kiwandani. Wenye magari ya zamani wafanye vivyo hivyo. Watu kumi wanatosha. Wanunue kwa pamoja seti moja ya spana za inchi na kitabu kimoja cha ufundi. Waagize spea mara moja kwa mwaka, kwa mzigo mmoja, badala ya kila mtu kulipia nauli ya kifurushi chake. Na wachangie posho ya kijana mmoja, wa VETA au wa mtaani, akae kwa fundi mzee miaka miwili. Gharama hiyo ikigawanywa kwa kumi haifikii bei ya tairi moja kwa mwaka kwa kila mwanachama, kama posho ikiwa ya kiasi. Ni bima ambayo hakuna kampuni itakayokuuzia.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa anayetaka kununua baada ya kuyasikia yote haya, mambo matano.

Kwanza, chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa chuma cha kukingama cha nyuma na vishikio vya springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu, na bisibisi huingia. Mvua ya kwetu hulila gari kuanzia chini, kwa hiyo usidanganywe na bodi inayong'aa.

Pili, angalia mahali chuma kinapokutana na aluminiamu, kama vile miguuni mwa milango. Ukikuta unga mweupe, aluminiamu inaliwa hapo.

Tatu, dai kadi ya gari. Soma namba ya chesisi na ya injini, ulinganishe na zilizopigwa kwenye chuma. Magari mengi yalibadilishwa injini, na si kosa, lakini mabadiliko yawe yameandikwa.

Nne, kama jina kwenye kadi ni la marehemu, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaona barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa anayesema "sisi hatuna shida, tumekubaliana" si msimamizi mpaka mahakama iseme.

Tano, endesha mlimani likiwa la baridi na likiwa la moto. Gia zikiruka wakati wa kushuka, au klachi ikiteleza wakati wa kupanda, andika gharama hiyo kwenye karatasi mbele ya muuzaji.

USHAURI WETU

Mwenye gari uani: asiuze mwezi huu. Ampate fundi, alithamini, afukuze kuku, aliinue juu ya matofali na kupaka oili kuukuu kwenye chesisi kabla ya masika. Kazi hiyo ni ya siku moja, nayo inaongeza miaka.

Mwenye fedha ya mkopo: asiliguse kabisa. Gari la zamani halijui tarehe ya marejesho.

Mwenye akiba anayetafuta faida: aende kwenye hatifungani, au apande parachichi.

Mwenye kipato cha kutosha, subira na Jumapili moja ya kupumzika: anunue, kwa bei ya gari bovu na si kwa bei ya tamasha, atengeneze kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu, na kila anapokwenda kwa fundi amchukue mwanawe ashike taa.

Yule fundi wetu alikufa bila kuacha mwanafunzi. Seti yake ya spana za inchi iliuzwa pamoja na vyombo vingine vya nyumbani. Aliyezinunua alikuwa mtu wa mizani.